Ukishakiumba, Nani Atakilea?

Wajukuu, leo nawaletea hadithi ya viumbe ambavyo havikuzaliwa, vilitengenezwa. Itatupeleka Italia, Uswisi na Marekani kabla ya kuturudisha nchini kwetu, Bagamoyo, lakini inaanzia hapa kwetu Bugarama, chini ya ardhi.

Mnaujua mgodi wa Bulyanhulu. Dhahabu yake haitoki kwenye shimo la wazi. Tangu mwaka 2001 inafuatwa kwa mahandaki yanayoshuka mamia ya mita. Huko chini kuna mashine ya kuzoa mwamba uliolipuliwa: kimo kifupi, mwili mrefu, ndoo kubwa mbele, imeundwa ipite handakini bila kugusa dari. Kwa kawaida dereva wake hukaa ubavu, ili aone mbele na nyuma bila kugeuza mashine.

Sasa elekeeni kaskazini-magharibi mpaka Kongo, mkoa wa Haut-Uélé, kwenye mgodi wa Kibali. Unaendeshwa na Barrick, kampuni ileile ya Bulyanhulu. Huko Kibali mashine za aina hiyo huingia handakini peke yake. Zinazoa, zinarudi kinyumenyume, zinamwaga, zinapishana, mchana na usiku, na humo zinamopita hamna mtu. Msimamizi yuko juu ya ardhi, amekaa mbele ya skrini, anaziangalia kadhaa kwa mara moja.

Je, mashine hiyo ina uhai?

Msicheke. Darasani mmefundishwa sifa saba za kiumbe hai: kula, kupumua, kutoa taka, kukua, kuzaana, kuhisi na kujongea. Haya, tuipime. Inakula, maana bila dizeli haiendi popote. Inapumua, kwa sababu injini huvuta oksijeni ileile wanayoivuta wachimbaji; ndiyo maana feni kubwa za mgodini husukuma hewa ya kutosha watu na injini pia. Inatoa taka: moshi. Inahisi, kwa vifaa vya leza vinavyopima ukuta uko umbali gani. Inajongea. Tano kwa saba! Mwanafunzi akipata tano kwa saba, nyumbani anachinjiwa kuku.

Zimebaki mbili tu. Mashine haikui, na hakuna aliyewahi kuingia handakini akaikuta imezaa.

Hapo ndipo mwalimu wa sayansi hufunga daftari, na mtambaji wa hadithi hulifungua. Mwalimu anasema, haina uhai, basi. Mtambaji anauliza: na siku ikizaa, itakuwaje?

Uongo mmoja unatosha

Hadithi zinazoanzia kwenye swali la namna hiyo zinaitwa hadithi za kubuni za kisayansi. Mtambaji wa zamani alipoitikiwa "uongo njoo", wasikilizaji walikuwa wanampa ruhusa ya kudanganya. Katika hadithi za kisayansi ruhusa hiyo ipo, ila ina masharti. Unapewa uongo mmoja mkubwa, na ukishautoa, kila kinachofuata lazima kitii kanuni za dunia. Ukisema ng'ombe wameanza kuruka angani, sawa. Lakini utueleze nani atawachunga, watalala wapi, na kinyesi kitamwangukia nani.

Wenzetu wa Kenya wameandika na kupiga filamu za namna hii. Katama Mkangi, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha mtu mpaka sayari nyingine ili aione jamii inayoishi tofauti na yetu. Wanuri Kahiu, katika filamu fupi ya Pumzi ya mwaka 2009, alifikiria dunia iliyokaushwa na vita vya maji, na binti mmoja aliyepata udongo wenye uhai.

Lakini hadithi ya kiumbe wa kutengenezwa, ile iliyozaa nyingine nyingi, ilianza na chura.

Mguu uliopiga teke

Miaka ya 1780, katika mji wa Bologna huko Italia, daktari Luigi Galvani alikuwa akipasua vyura. Juu ya meza kulikuwa na miguu ya chura aliyekwisha kufa. Siku moja mguu uliguswa na chuma wakati mashine ya umeme ilipokuwa ikitoa cheche karibu yake. Mguu ukapiga teke. Chura hayupo, mguu unapiga teke!

Galvani alisema mnyama ana umeme wake mwenyewe mwilini. Mwenzake Alessandro Volta akambishia, na katika kutafuta ushahidi wa ubishi wake akatengeneza betri ya kwanza, mwaka 1800. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli: neva zetu hupitisha ishara za umeme kweli, na metali mbili tofauti nazo huweza kuzaa umeme. Kisha mpwa wa Galvani, Giovanni Aldini, akavuka mpaka. Mwaka 1803, mjini London, alipitisha umeme kwenye maiti ya mtu aliyenyongwa. Taya likatetemeka, jicho moja likafunguka. Watu wakaanza kuulizana kama kifo nacho kina swichi.

Mwaka 1815 mlima wa volkano uitwao Tambora ulilipuka huko Indonesia. Majivu na gesi yake yalitanda angani hata jua likapungua nguvu, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Kando ya ziwa Geneva, Uswisi, vijana kadhaa walifungiwa ndani na mvua. Mmoja wao, mshairi Byron, akasema kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Mary, binti wa miaka 18, alikuwa amesikia wakubwa wakizungumzia umeme na uhai. Hadithi aliyoitunga ikatoka kitabuni mwaka 1818, bila jina lake juu ya jalada. Ndiyo Frankenstein, na Mary huyo ndiye Mary Shelley.

Wengi wanaijua kwa picha za sinema: jitu lenye mishono usoni, limenyoosha mikono. Kitabu chenyewe kinasema mambo mengine. Victor Frankenstein, kijana msomi, anakusanya viungo vya maiti, anaunda mwili, anautia uhai. Kiumbe anafungua macho. Victor anamtazama, anamwona ana sura mbaya, anakimbia. Hajafanya kosa hata moja yule kiumbe. Amefungua macho tu. Hapewi chakula, hapewi nguo, hapewi hata jina.

Anazurura porini, anajifunza moto kwa kuungua. Anajificha kwenye kibanda kilichopakana na nyumba ya familia maskini, na kwa kuchungulia kwenye ufa wa ukuta anajifunza lugha yao. Usiku anawakatia kuni bila kuonekana. Siku anayojitokeza kuomba urafiki, anapigwa na kufukuzwa. Ukatili unaanza baada ya hapo, na anayeulipia kwanza ni mdogo wake Victor, mtoto asiyejua lolote.

Wazee walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Victor hakumlea. Watu husema dhambi yake ilikuwa kujifanya Mungu. Mimi naona palipoharibika ni pale mlangoni alipotoka mbio.

Na huo ufa wa ukuta msiusahau. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazojibu maswali kwa Kiswahili, tena kwa ufasaha. Nazo zilijifunza kwa kuchungulia: zilisomeshwa maandishi mengi mno tuliyoyaandika sisi, ya maana na ya upuuzi, ya adabu na ya matusi. Kisukuma, lugha ya kabila kubwa kuliko yote Tanzania, kimeandikwa kidogo, kwa hiyo programu hizo hukijua kwa kubahatisha. Ziulizeni juu ya mila za Usukumani, zinaweza kuwajibu kwa kujiamini jambo lisilokuwapo. Zikisema uongo juu yetu, nani atazisahihisha? Aliyeziunda yuko mbali, na nyumbani kwetu hajawahi kufika.

Mfanyakazi asiyeuliza mshahara

Hapa kwetu nako kuna hadithi ya mfanyakazi wa kutengenezwa. Mmesikia habari za msukule: mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi kamficha, kamtoa akili, anamlimisha usiku. Halali, hasemi, hadai chochote. Shamba la tajiri likistawi kuliko ya jirani zake, watu wananong'ona.

Kama hadithi, ni nzito. Inauliza swali ambalo Karel Čapek, mwandishi wa Prague, aliliuliza katika tamthilia yake R.U.R., iliyochezwa jukwaani mwaka 1921. Humo kiwanda kimoja kisiwani kinatengeneza watu bandia wa kufanya kazi zote za dunia. Mwishowe wanaasi. Hadithi zote mbili zinahusu tamaa ileile ya kupata nguvu kazi isiyochoka wala kugoma.

Lakini wajukuu, kuna mstari hapa ambao lazima niuchore kwa wino mzito. Hadithi ikichukuliwa kuwa habari, inaua. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, bibi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, miaka na miaka jikoni, wakiwapikia watoto na wajukuu. Anayetunga hadithi huwaambia mapema kwamba anadanganya, kisha anawaachia maswali. Mzushi huficha uongo wake, na majibu anakuja nayo mfukoni. Kumbukeni tofauti hiyo tutakapofika kwa mbu.

Chura aliyepangwa upya

Sasa chura wetu anarudi. Safari hii ni chura mwenye kucha, anayeitwa Xenopus laevis, mzaliwa wa kusini mwa Afrika. Ana ndugu yake anayeishi huku kwetu kwenye maji ya Kanda ya Ziwa. Ni chura bapa, anayeteleza mno, macho madogo juu ya kichwa, karibu maisha yake yote majini. Mkimshika mtazame miguu ya nyuma: vidole vitatu vya ndani vina kucha nyeusi. Ulimi hana, chakula anakisukumia mdomoni kwa mikono.

Kuanzia miaka ya 1930 chura huyu alisafirishwa duniani kote kwa kazi ya ajabu. Hospitali zilimdunga chura jike mkojo wa mwanamke. Akitaga mayai ndani ya saa chache, mwanamke ana mimba. Vipimo vya kisasa vilipokuja, maabara zilibaki na vyura, na wanasayansi wakaendelea kuwachunguza.

Januari 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont na Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitangaza walichokifanya na seli za chura huyo. Kwanza waliipa kompyuta kazi ya kubuni umbo linaloweza kutembea. Kompyuta ikakisia maumbo mengi, ikayajaribu ndani yake kwa hesabu, yaliyoshindwa ikayatupa, yaliyosogea ikayabakiza na kuyabadilisha kidogo, tena na tena, kama mkulima anavyochagua masuke mazuri ya mtama kwa ajili ya mbegu ya msimu ujao. Halafu watafiti wakachukua seli kutoka viinitete vya chura, za ngozi na za moyo, wakaziunganisha na kuzichonga kwa zana ndogo mno chini ya darubini zifuate umbo lililoshinda. Seli za ngozi zikawa mwili. Seli za moyo, ambazo hudunda zenyewe bila kuamriwa, zikawa injini.

Kile kidonge kikatembea! Hakifiki hata milimita moja. Hakina ubongo, hakina mdomo, si chura na si kiluwiluwi. Kikikatwa, kinajiunga tena. Kinaishi yapata wiki moja kwa kutumia akiba ya kiini cha yai iliyomo ndani ya seli, kisha kinakufa na kuoza. Wakaviita zenoboti.

Mwishoni mwa 2021 timu hiyohiyo ikaja na jambo jingine. Vidonge vinavyoogelea viliwekwa kwenye bakuli lenye seli za chura zilizotawanyika. Vikawa vinazisukuma na kuzirundika pamoja. Baada ya siku kadhaa yale marundo yakaanza kuogelea yenyewe, vidonge vipya. Mzazi alikuwa amezaa kwa kukusanya vifusi.

Turudi kwenye sifa zetu saba. Kuzaana, ambako mashine ya Kibali ilifeli, zenoboti imejaribu, ingawa kwa kupewa seli na binadamu. Lakini kula, ambako mashine imefaulu, zenoboti imeshindwa kabisa. Hakuna kilichopata saba kwa saba.

Watafiti walisema huenda siku moja vidudu vya namna hii vikakusanya uchafu majini. Niliposoma hivyo, niliwaza zebaki ya kwetu. Basi nipeni ruhusa yangu ya uongo mmoja. Uongo wenyewe ni huu: vidonge hivi vimejifunza kula.

Vichura vya lamboni

Ni mwaka 2071. Kuna binti tumwite Kabula. Karibu na kwao pana lambo lililopokea kwa miaka mingi maji ya mwalo wa kuoshea dhahabu. Mnajua kazi hiyo inavyokwenda: mawe yanatoka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, yanasagwa karashani, unga unaoshwa kwa zebaki, zebaki inang'ang'ania dhahabu, kisha mchanganyiko unachomwa na zebaki inapaa moshi. Inayobaki huenda na marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, mpaka majini. Kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki na kukaa humo.

Siku moja gari jeupe linafika. Wageni wanashusha ndoo za maji yenye ukungu. Ukungu ule ni vichura, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi. Vinakula mwani. Kazi yao ni kuzunguka, kunasa zebaki na kuibandikanisha mpaka iwe punje ya kuokotwa kwa chujio. Wageni wanapiga picha na watoto, wanaacha namba ya simu kwenye bango, wanaondoka.

Mwaka wa kwanza ni sherehe. Maji yanakuwa meupe. Vijana wanachuja punje za zebaki kila Jumamosi. Hakuna aliyewaambia wazipeleke wapi, kwa hiyo wanaziuza, na wanunuzi ni walewale wenye mialo. Zebaki iliyotoka lamboni asubuhi inarudi kazini jioni.

Mwaka wa pili kambare wanaongezeka, wanono. Wanakula nini? Wanakula vichura, na vichura vimebeba zebaki. Mama wa gulioni anakaanga kambare, watu wanapanga foleni. Bibi yake Kabula ni mpenzi wa kambare kuliko wote. Jioni moja anashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Macho yanaona vizuri, ni mikono inayotetemeka.

Kabula anaipiga ile namba ya bangoni. Haipatikani. Anapanda basi kwenda mjini kwenye ofisi ya mradi, anakuta wanauza spea za pikipiki. Mradi ulikuwa wa miaka miwili, umekwisha. Wenye vichura wamepata kazi nyingine nchi nyingine. Vichura havijui kwamba mradi umekwisha. Vinaendelea kula, kuzaana na kukusanya, kwa uaminifu, usiku na mchana. Vinatimiza kile vilichoambiwa, na ubaya havina.

Binti anawaza. Vinakula mwani. Mwani unataka jua. Anamwendea mwalimu wa baiolojia, wote wawili wanamwendea mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti anapiga mbiu. Watu wanaleta maturubai, matete, mabati chakavu, wanalifunika lambo zima. Watani wanasema sasa Bugarama inazika maji. Mwani unakufa. Bila chakula vichura vinabaki na akiba ya siku saba, na siku ya nane darubini ya shule haioni kinachotembea.

Mmefurahi? Zebaki haijaenda popote. Imezama na maiti za vichura, iko kwenye tope, na tope lile linahitaji kuchotwa na kuhifadhiwa mahali lisipovuja. Gharama yake ni kubwa kuliko ng'ombe wote wa kijiji.

Mwaka wa tatu linakuja gari jingine jeupe. Wageni wapya, wapole, wana vichura vilivyoboreshwa. Mkutano wa kijiji unajaa. Wanaeleza, wanaonyesha michoro, wanapigiwa makofi. Kabula ananyoosha mkono.

"Shikamooni. Naomba kuuliza. Hivi vikiharibika, nimpigie nani simu? Na huyo mtu mwaka 2090 bado atakuwa anapokea?"

Mgeni mmoja anaanza kujibu. Mwenyekiti anamzuia: "Subiri kwanza. Mwandishi wa kikao, andika swali. Halafu andika jina la anayejibu."

Mbu wa Bagamoyo

Uongo umeishia hapo. Hili linalofuata ni kweli, na chura wetu yumo.

Mwaka 1987 mwanasayansi Michael Zasloff, Marekani, alishangazwa na vyura wake wenye kucha. Aliwapasua, akawashona, akawarudisha kwenye maji yasiyo safi, na vidonda vikapona bila usaha. Akachunguza ngozi yao, akakuta kemikali inayoua vijidudu. Akaiita magainini.

Miaka imepita, na maelekezo ya kutengeneza kemikali hiyo yameandikwa ndani ya mbu. Kazi hiyo imefanywa na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, kwenye maabara yao Bagamoyo, wakishirikiana na wenzao wa Imperial College London. Mbu wa malaria amewekewa jeni mbili: moja inatengeneza magainini ya chura, nyingine inatengeneza kemikali iliyomo kwenye sumu ya nyuki. Mbu akinyonya damu, kemikali hizo zinatoka tumboni mwake na kuvichelewesha vimelea vya malaria kukua. Mbu hawa wamejaribiwa kwa vimelea kutoka damu ya watoto wa Tanzania wenye malaria, ndani ya maabara iliyofungwa.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo la kufikiriwa sana. Kwa kawaida mzazi humrithisha mtoto jeni fulani kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Ipo mbinu ya kuifanya jeni irithiwe na karibu watoto wote, ili ienee yenyewe kwa mbu wa eneo zima, kizazi hadi kizazi. Mbu wa Bagamoyo wameundwa ili mbinu hiyo iweze kutumika, lakini haianzi mpaka wakutanishwe na mbu wa aina ya pili mwenye kifaa cha kukata jeni. Watafiti wamezitenganisha sehemu hizo mbili makusudi, uamuzi uwe mkononi mwa watu.

Mimi nimezika watoto wa jirani kwa malaria. Siwezi kuwaambia wanasayansi hao waache. Wala siwezi kuwaambia ninyi mpige makofi kabla ya kuuliza. Mbu hana bango la mradi mgongoni; akishaachiliwa hatasimama mpakani kuonyesha kitambulisho. Nchi yetu ina kanuni za usalama wa viumbe vilivyobadilishwa jeni tangu mwaka 2009, na serikali huweza kusema hapana: mwaka 2018 ilisimamisha majaribio ya mahindi ya namna hiyo yaliyokuwa yakifanyika Makutupora, Dodoma. Wako waliofurahi, wako waliosikitika. Hata hivyo kila mtu alijua aliyeamua ni nani, na mlango wa kubishia ni upi.

Uzushi nao hautachelewa. Mtaambiwa mbu hao wanaleta ugumba, au wametumwa na fulani. Anayewaambia hivyo mwombeni aeleze hatua kwa hatua, kama nilivyojibana mimi kwenye hadithi ya lambo: mbu anakula nini, anaishi siku ngapi, hicho anachodaiwa kubeba kinapitaje. Mwenye hadithi nzuri atajibu. Mzushi atakasirika.

Na ile mashine inayojiendesha mgodini mwiulize vilevile. Inamwondoa kijana chini ya mwamba unaoweza kuporomoka, hilo ni jema. Mshahara wa kijana huyo umehamia wapi? Aliyekaa mbele ya skrini alisomea wapi, na binti wa Bugarama anaweza kusomea hapo?

Sasa kazi yenu. Chukueni daftari, kila mtu atunge hadithi ya kurasa tatu, iwe Bugarama, Kahama au Geita, mwaka wowote ujao. Mnaruhusiwa uongo mmoja. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, andikeni juu ya ukurasa jina la mtu katika hadithi yenu ambaye kiumbe chenu kikiharibika saa nane usiku, ndiye atakayeamshwa. Mkishindwa kumpata mtu huyo, msifute hadithi. Anzieni hapohapo, kwenye kumtafuta.